Herufi Moja kwenye Fomu ya Karavani

Kwa herufi moja tu, tena ile ya mwisho kabisa kwenye alfabeti, nusura nimwachishe kazi binti wa watu. Sikuiba, sikupigana, sikumsengenya mtu. Nilikata herufi z kwa kalamu nyekundu, nikaweka saini pembeni, nikaondoka zangu nikipiga mluzi. Ukisikia nimeaibika, usinionee huruma. Nilijitafutia mwenyewe, tena kwa bidii.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana ujinga wangu haukuja hivi hivi, una historia. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msahihishaji wa prufu kwenye kiwanda cha uchapaji. Chumba changu kilikuwa nyuma ya mashine, kina meza moja, taa moja ya shingo ndefu, na dirisha linalotazama ukuta. Karatasi zinaletwa zikinuka wino, nami nazipitia herufi kwa herufi kabla hazijachapwa kwa maelfu. Vitabu vya shule, kalenda, risiti, vile vikaratasi vya dawa vinavyokunjwa mara nane, vyote vilipita chini ya pua yangu. Wenzangu waliniita Nukta. Wao walidhani wananitania, kumbe mimi kichwa kinavimba.

Siri ya kazi ile ni kwamba msahihishaji mzuri hasomi. Anaangalia. Ukianza kufuata maana, makosa yanakupita hivi hivi unayaona. Nimewahi kusahihisha kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki, na mpaka leo sijui nyuki anaingilia upande gani wa mzinga. Mke wangu ana ushahidi mkubwa zaidi ya huo. Kadi ya harusi ya binti yetu niliipitia mara tatu. Nilihamisha mkato mmoja, nikaondoa herufi kubwa mbili, nikaacha tarehe ya siku moja kabla. Wageni arobaini walifika Ijumaa wakamkuta bibi harusi ana rola kichwani anapiga deki. "Lakini mikato iko sawa," nilimwambia mama yake, na mama yake hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Huyo mama yake alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka. Alipostaafu alitaka kitu kimoja: kulala mahali tofauti kila wiki, akiamka afungue mlango aone ziwa au mlima ambao hajawahi kuuona. Hotelini hataki, hapendi shuka iliyolaliwa na watu asiowajua. Ndiyo tukaingia kwenye habari za karavani, trela lenye kitanda, jiko la gesi, sinki na choo, unalifunga nyuma ya gari lako mnaondoka. Tukaenda kwenye yadi inayouza karavani mpya, tukachagua nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni.

Meneja wa yadi alitukalisha ofisini kwake akatueleza vizuri sana. "Kabla hatujawakabidhi, sisi tunakagua kila kitu," alisema. "Breki, taa, gesi, maji, nati za magurudumu. Halafu fundi anamweleza mteja namna ya kutumia. Hiyo ni juu yetu. Mkishaipokea, matunzo ni juu yenu. Kukaza nati, kukagua paa kama linavuja, kuandika kwenye kijitabu kila mkifanya. Mkifanya yenu na bado ikaharibika, dhamana ipo, tunatengeneza sisi. Msipofanya yenu, basi tena."

"Hiyo ni haki kabisa," mke wangu alisema.

Mimi nilikuwa natazama bango lililo nyuma ya kichwa cha meneja. Lilisema: Karibuni wateja wetu wapedwa. Sikusikia neno hata moja baada ya hapo. Hayo niliyoandika hapo juu alinisimulia mke wangu, tena kwa hasira, baada ya mambo kuharibika.

Siku ya makabidhiano yeye alikuwa na miadi kwa daktari wa meno. Aliniambia mlangoni, kidole kikiwa mbele ya uso wangu: "Baba, nenda ukasikilize. Nasema kusikiliza, sisemi kusoma. Ukirudi nitakuuliza."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu.

Nilimkuta fundi ananisubiri kando ya karavani yetu, dada wa miaka kama thelathini, ovaroli ya bluu, nywele kazifunga kitambaa. Pale yadi kila mtu alimwita Fundi, na jina lilimkaa. "Shikamoo mzee," akasema, akanipa fomu ya kurasa nne iliyobanwa kwenye ubao, na kalamu ya kampuni. Nikairudisha ile kalamu. Mimi hutembea na yangu.

Jamani, ile fomu! Ukurasa wa kwanza peke yake ulikuwa na tafadhari, garama, na magurudum bila u ya mwisho. Damu ilinichemka kwa raha. Tangu nistaafu nilikuwa nasahihisha magazeti ya jana na maboksi ya sabuni, na sasa nimeletewa kurasa nne mbichi bure bilashi. Fundi alianza na mtungi wa gesi, namna ya kufunga, namna ya kunusa kama inavuja. Mimi nikaanza na tafadhari.

Akaenda kwenye pampu ya maji, nikaenda ukurasa wa pili. Akafungua betri, akapanda ngazi kunionyesha utepe wa mpira unaozunguka paa, akashuka, akafungua jokofu. Binti alikuwa anagusa kila kitu anachokitaja, hana haraka, hana dharau. Kila baada ya muda anauliza, "Mzee, tuko pamoja?" Nami namjibu, "Tuko pamoja, binti, endelea," huku nimeinamia mahali ambapo mjinga fulani kaandika nukta mbili mfululizo.

Kwenye gurudumu alipiga magoti. "Hapa naomba unisikilize sana, mzee. Nati hizi nimezikaza mwenyewe leo asubuhi. Lakini gurudumu jipya likianza kutembea linajikalia, nati zinalegea kidogo. Ukifika kilomita themanini usimamishe gari, uzikaze tena zote kwa spana hii. Nati ikikaza vya kutosha, spana inalia yenyewe." Akavuta spana, ikalia tak. "Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Utazikaza lini?"

"Wakati wake ukifika," nikasema kama mtu mwenye hekima.

"Kilomita themanini, mzee."

"Hasa!"

Ninachokumbuka kuhusu dakika ile ni kwamba nilikuwa ukurasa wa nne, kosa la kumi na saba, na mstari wa mwisho ulikuwa umenikera kuliko yote. Ulisema: Mimi mteja nimeelezwa yote yaliyotajwa hapo juu. Nikaguna. Nani anatia saini kwamba ameelezwa? Mtu hutia saini kwamba ameelewa! Bila shaka aliyepiga chapa kidole kilimteleza. Nikaikata z kwa mstari mwekundu wenye kijikia, alama yetu ya kufuta, ikabaki nimeelewa, safi. Nikaweka herufi za mwanzo za jina langu pembeni na saini chini.

"Mzee, umeichorachora fomu ya watu," Fundi akasema akicheka.

"Nimeinyoosha," nikamwambia. "Mwambie meneja wako sidai chochote."

Nyumbani mke wangu, shavu limevimba upande mmoja, aliniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa yote, hata saini yangu inasema hivyo.

Tulisafiri wiki iliyofuata. Barabara nzuri, jua zuri, mke wangu kavua viatu anaimba taratibu. Tulipita kilomita themanini, tukapita mia. Nadhani ilikuwa kama mia na ishirini aliponyamaza ghafla, akatazama dirishani upande wake.

"Mume wangu, tairi lile linalotupita ni la nani?"

"La mjinga fulani," nikasema.

Ndipo karavani ikalala upande wa kushoto. Loo! Kelele za chuma kwenye lami, cheche, gari linavutwa pembeni, mimi nimeng'ang'ania usukani na kuomba kila nilichojua kuomba. Tukasimama kwenye nyasi. Gurudumu letu likaendelea peke yake kwa madaha, likavuka mtaro, likaingia shamba la kabichi na kulala humo. Hakuumia mtu. Ndani ya karavani vyombo vyote vilikuwa sakafuni na mlango wa choo umeng'oka. Mhimili wa magurudumu ulikuwa umepinda.

Mke wangu alishuka peku, akazunguka, akaliangalia lile gurudumu la pili, akaishika nati moja kwa vidole. Ikazunguka. Akanigeukia.

"Hizi zilitakiwa zikazwe njiani. Meneja alisema. Yule fundi hakukueleza?"

Hapa nilikuwa na nafasi ya kuwa mwanamume. Mke wangu nusura afe kwa sababu yangu, na kilichonijia kichwani ni ile kadi ya harusi. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema, "Hakunieleza."

Neno likishatoka halirudi. Mke wangu ni mkunga, na kwa mkunga mtu aliyezembea kazini hana pa kujificha. Alipiga simu yadi pale pale, miguu ndani ya nyasi. Tulipofika nyumbani nyuma ya lori la kukokota magari, akaketi mezani akaandika barua ya malalamiko, ukurasa mzima, kwamba fundi hakueleza chochote na amehatarisha maisha ya watu wawili. Halafu, kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa yetu, akanipa niipitie.

Niliipitia. Nisikufiche, niliongeza mikato mitatu na kuondoa neno "kwamba" lililojirudia. Pale palipoandikwa hakueleza chochote niliangalia nikaona herufi zote zipo. Nikamrudishia. Akaituma.

Siku kumi na moja baadaye tuliitwa ofisini kwa meneja. Fundi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, bila ovaroli, kavaa gauni la kijivu kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Hakunisalimu. Nilijua nimelikoroga, lakini nilijifariji kwamba labda watamkaripia kidogo, watatengeneza karavani, tutasahau. Mwongo hana kazi ngumu kuliko kujiongopea mwenyewe, nami nilikuwa nimeifanya siku kumi na moja bila likizo.

Meneja alifungua faili akatoa fomu. Nyekundu yangu ikang'aa mpaka ikaniuma macho.

"Nimekuwa na kawaida ya kumwamini fundi wangu," alisema. "Anasema alieleza, na alionyesha kwa spana. Lakini kinachotukinga sisi ni mstari huu wa mwisho, mteja anapothibitisha kwamba ameelezwa. Hapa mteja amekataa kuthibitisha. Ameikata nimeelezwa kwa mkono wake, akabakiza nimeelewa, ambayo haisemi kama sisi tulimweleza, akaweka na saini pembeni kusisitiza. Na wewe Fundi ukaipokea fomu hivyo hivyo."

"Nilidhani anasahihisha tu," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Alisahihisha kurasa zote."

"Karatasi inasema vingine." Meneja akatugeukia sisi. "Mzee, mama, poleni sana. Kosa ni letu. Tutabadilisha mhimili, mlango, kila kitu, na mtaongezewa dhamana."

Mke wangu akashusha pumzi. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Kwa muda wa kama pumzi mbili nilifurahi kabisa kabisa. Nikaona z yangu imeniokoa.

Meneja akachomoa karatasi nyingine, akaiweka mezani upande wa Fundi. Mtu aliyefanya kazi kiwandani kwetu husoma karatasi kichwa chini miguu juu bila taabu, maana zamani herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, zilipangwa hivyo. Nikatupa jicho. Mstari wa pili: Unaarifiwa kusitishwa kwa ajila yako.

Ajila! Mkono wangu ulishafika mfukoni, kalamu ishatoka, kofia yake ishafunguliwa kwa kidole gumba. Nilikuwa nimenyoosha mkono juu ya meza nusu ya njia kwenda kuikata ile l, ndipo nikaona Fundi ananitazama. Hakunitazama kwa chuki. Alitazama kalamu, akanitazama mimi, kama mtu anayengoja kuona kitu ambacho hakiaminiki kitatokea kweli au la.

Nikairudia ile karatasi, na safari hii nikaisoma. Ilikuwa ni barua ya kumfukuza mtu kazi. Sijui kama unaelewa ninachosema. Miaka thelathini na mmoja, na labda ule ndio mstari wa kwanza niliousoma mpaka ndani. Nikaiweka kalamu chini.

"Nilielezwa," nikasema.

"Samahani?" meneja akauliza.

"Alinieleza. Gesi, pampu, paa, kila kitu. Alipiga magoti akanionyesha nati, akasema kilomita themanini. Spana ililia tak. Nilielezwa yote. Nilichokosa ni kuelewa, maana sikuwa nasikiliza, nilikuwa natafuta makosa kwenye fomu yenu. Yako kumi na saba."

Mke wangu alinigeukia taratibu, na katika maisha yangu sijawahi kuogopa shingo ya mtu namna ile.

"Eti nini?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Mimi nimemwandikia binti wa watu barua ile kwa mkono wangu! Nimesema ametaka kutuua! Na wewe ukaisoma!"

"Niliiangalia," nikasema, na ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, lakini haikunisaidia hata chembe.

Hakupiga kelele tena. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye kile kiti cha plastiki, akamshika Fundi mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea, na sikukuuliza hata neno moja." Fundi akaitikia kwa kichwa, midomo imemkaza. Meneja aliivuta ile barua, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye pipa. Halafu akanieleza kwa adabu, ile adabu inayouma kuliko tusi, kwamba kwa hali hiyo kukaza nati kulikuwa juu ya mwenye mali, na dhamana haihusiki. Mhimili, mlango na vyombo ni juu yangu. Nikasema sawa. Nikaandika maelezo yangu upya, mstari mmoja, kwa kalamu yao.

Karavani ilipokuwa tayari nilikwenda kuichukua na mke wangu, ambaye siku hizo alikuwa ananisemesha kuhusu mambo ya lazima tu, kama vile chumvi. Fundi alikuwa amerudi kwenye ovaroli yake. Alitupitisha kila kitu tangu mwanzo, na hakunipa karatasi yoyote. Mke wangu alirudia kila jambo mara moja akalipata. Mimi, kwenye nati Fundi alinikalisha chini kwenye vumbi akanipa spana, nikaikaza mara nne ndiyo ikalia.

Mke wangu akaingia ndani kupanga vyombo. Nikaona nitumie nafasi. "Binti," nikasema, bado nimekaa chini, "najua ulichukia."

"Sikuchukia, mzee." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Barua ya mama ilipofika niliisoma nikashtuka. Nikasema huyu mama hawezi kusema uongo, inaonekana kwenye mwandiko wake. Nikaanza kujiuliza kama kweli nilikueleza. Nikawapigia simu wateja wangu wote wa mwaka huu, kumi na wanne, nikawauliza kama niliwaambia habari ya nati. Wote walisema ndiyo, niliwaambia. Basi nikaamini kwamba kwako nilisahau. Pale ofisini nilikuwa nabisha kwa mdomo tu. Moyoni nilishakubali kwamba nusura niue watu."

Mimi niliogopa kuchekwa na mke wangu, na kwa ajili ya kicheko hicho mtu aliyeijua kazi yake kuliko nilivyowahi kuijua yangu alikaa siku kumi na moja akijiona muuaji.

"Hukusahau, binti," nikasema.

"Sema tena."

"Hukusahau. Ulinieleza."

"Tena, mzee."

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka mke wangu akatoa kichwa dirishani kuangalia kuna nini.